Nyumba ya Kale Iende Shule: Namna ya Kuwafikia Wanafunzi na Vikundi vya Mtaa kutoka Nyumba ya Makumbusho, Amu

Alasiri moja nilimkuta mtoto wa Mkomani, mtaa wa hapa Amu, yaani mji wa Lamu, ameketi kwenye daka (kibaraza cha mlangoni) la nyumba ninayofanyia kazi, miguu inaning'inia, anakula mabuyu. Nikamuuliza kama amewahi kuingia ndani. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni ya wageni," akasema. "Ya kupiga picha." Kwao ni mlango wa tatu kutoka hapo. Usiku analala chini ya boriti za mikoko kama zetu, ukuta wao ni wa matumbawe na chokaa kama wetu, na chooni mwao mna birika la kuwekea maji kama letu. Ila mlangoni petu pana kibao na mtu wa tiketi, basi kwake nyumba ikawa ya watu wengine.

Mwongozo huu nauandika kwa sababu ya mtoto yule. Ni wa yeyote aliyekabidhiwa nyumba ya kale hapa Lamu, iwe ya serikali, ya wakfu au ya ukoo uliokubali kuifungua, na anataka iwafikie wanafunzi na watu wa mtaani. Kazi hii nimeifanya miaka kadhaa, na makosa mengi nitakayoyataja ni yangu mwenyewe.

Hatua ya kwanza: Ijue nyumba yako, kisha chagua cha kuacha

Kila mtembezaji mpya hutaka kusema yote. Na Lamu vya kusema havikosekani: Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na ndani yake, mwendo wa dakika chache kwa miguu, ipo nyumba ya Waswahili ya karne ya 18 iliyofanywa makumbusho, ipo ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, ikawa jela kuanzia 1910 hadi 1984, na lipo jengo la posta ya Wajerumani, iliyofunguliwa 1888 na kufungwa 1891. Vitie vyote katika asubuhi moja, na mtoto wa gredi ya nne atarudi kwao akiwakumbuka punda na paka. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, na michoro ya watoto ninayo bado: punda kumi na wanne, ngome moja.

Kwa hiyo anza kwa kuitembea nyumba peke yako, daftari mkononi, bila kusoma kibao chochote. Ingia kama aingiavyo mgeni. Kwanza daka na mabaraza yake ya pande mbili, kisha mlango, kisha tekani, kijiukumbi cha ndani ya mlango, halafu unakata kona ndipo ukione kiwanda, yaani ua wa ndani. Kona ile iliwekwa makusudi. Mpita njia hata akichungulia mlango ukiwa wazi, haoni kitu. Kutoka kiwandani unapanda kidato kuingia msana, ukumbi mrefu unaotazama ua, unapanda tena kuingia chumba kiitwacho ndani, tena kuingia nyumba kuu yenye zidaka, vishubaka vya nakshi ukutani. Sakafu inapanda kadiri unavyokaribia pa siri. Mtoto akilishika hilo peke yake, nyumba ameielewa kuliko wageni wengi waliolipa tiketi.

Ukimaliza, andika maswali matatu ambayo nyumba yako inaweza kuyajibu kwa macho na mikono, si kwa maneno yako. Yetu ni haya: Kwa nini vyumba ni vyembamba hivi? Maji yalitoka wapi na nani aliyachota? Nani aliruhusiwa kufika wapi? Vyungu, masahani ya Kichina, vitanda vya kamba, hivyo vyote vingoje viulizwe.

Hatua ya pili: Mwendee mwalimu kabla ya barua

Barua ya mwaliko hulala mezani kwa mwalimu mkuu pamoja na barua nyingine thelathini. Nenda mwenyewe, saa ya mapumziko, na uwe na kitu mfukoni. Mimi hubeba kifumbu, kile kifuko kilichosukwa kwa ukindu. Walimu wengi wa shule zetu wametoka bara, na mtu asiyewahi kukamua tui kwa kifumbu hawezi kujizuia kuuliza hiki ni kitu gani. Mazungumzo yakishaanza hapo, humsaki mwalimu tena.

Usimwambie una programu. Muulize anafundisha nini muhula huu. Majengo ya kihistoria yamo katika masomo ya jamii ya shule ya msingi, hilo ni wazi. Lakini mwalimu wa hisabati naye ana vipimo na eneo, wa sayansi ana maji na mbu, wa Kiswahili ana lahaja na methali. Mwalimu akiona ziara yako inamfanyia somo ambalo lazima alifundishe, yeye ndiye atakayekwenda kwa mwalimu mkuu kukuombea. Hapo ndipo barua ifuate: kwa shule, kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ikiwa watoto watatoka nje ya shule, na fomu fupi kwa wazazi, kwa Kiswahili cha kueleweka, ikisema saa ya kwenda, saa ya kurudi na nani ameshika dhamana.

Sasa kalenda. Chukua karatasi moja uandike kalenda nne juu yake: mihula ya shule, chuo cha Kurani, mwezi wa Kiislamu, na upepo na maji. Anayepanga kwa kalenda ya kwanza tu atajuta. Jumamosi na Jumapili, ambazo watu wa mjini Nairobi huziona siku huru, hapa watoto wengi wako chuoni. Ijumaa maliza kabla ya saa tano. Ramadhani pumzika, tumia mwezi huo kukarabati sanduku la vitu nitakalolieleza hatua ijayo. Siku za Maulidi mji umejaa wageni na kila nyumba ina shughuli. Wiki ya mitihani usibishe hodi kabisa.

Kalenda ya upepo inawahusu walio visiwani, na nitaifikia.

Hatua ya tatu: Tengeneza sanduku

Si kila shule inaweza kuja kwako. Boti ni pesa, na kuna walimu ambao hawawezi kuwatoa watoto sitini shuleni siku moja. Sanduku la makumbusho ndilo linalokwenda badala ya nyumba. Fundi wa mtaani akutengenezee la mbao nyepesi, lenye vishikio vya kamba pande mbili, linalobebwa na watu wawili na kukaa mgongoni kwa punda bila kupinduka. Mimi nilianza na la plastiki. Msimu mmoja tu wa kusi, upepo wa kusini, likapasuka.

Kanuni ni moja: hakiingii sandukuni kitu chochote kilicho kwenye rejista ya makumbusho. Vilivyomo viwe vya kununuliwa sokoni, vya kupewa, au vya kutengenezewa, ili mtoto akikiangusha kimoja usishtuke mbele yake. Mtoto akiona umeshtuka hashiki kingine tena.

Ndani ya letu mna mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, kata ya kuchotea maji, ungo, kawa la kufunikia chakula, kandili, chetezo chenye harufu ya udi bado, kipande cha boriti cha urefu wa mkono, bonge la tumbawe, kipande cha lipu ya chokaa ya zamani iliyodondoka yenyewe, ukili wa mkeka uliosukwa nusu, na kofia ambayo fundi alianza kuidarizi kisha akatuachia hivyo hivyo. Vitu viwili vya mwisho ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote. Kitu kilichokamilika watoto hukitazama. Kisichokamilika hutaka kukimalizia. Mvulana mmoja aliishika ile kofia akasema baba yake hufanya kazi hiyo barazani kila jioni, na darasa zima likamgeukia kama kwamba ndiyo kwanza amefika shuleni.

Tahadhari moja: usibebe chokaa mbichi wala unga wake. Tumbawe lililochomwa tanurini likikutana na maji hutoa joto kali, na jichoni ni hatari. Lipu iliyokwisha kukauka miaka mingi inatosha kuelezea.

Namna ya kulitumia: gawa watoto watano watano, mpe kila kundi kitu kimoja bila kusema jina lake. Waulize mkono unakishika wapi, kimechakaa wapi, na kwa nini kimechakaa hapo. Kingo za kata na meno ya mbuzi husema wenyewe. Jina lije mwisho, na litoke kwa mtoto ikiwezekana. Shule moja ya upande wa bara mtoto aliitambua mbuzi papo hapo, lakini kifumbu alikiita soksi. Tulicheka sote, kisha nikamuuliza kwao wanachujia nini. Akasema kichujio cha plastiki cha chai. Tukakaa dakika kumi juu ya hilo, kifumbu na kichujio, nani alikisuka na nani alikiuza, na zile dakika kumi zilikuwa na faida kuliko hotuba yangu ya ukindu.

Hatua ya nne: Kuvuka maji

Kwa shule za Amu na Shela hakuna la kueleza. Watoto watakuja kwa miguu. Matondoni na Kipungani unapanga kwa maji au kwa punda. Shule za Mokowe na Hindi, upande wa bara, zinavuka kwa boti mwendo mfupi. Mpeketoni na Witu afadhali sanduku liende kwao kuliko watoto kuja, na siku mbili kabla ya safari ulizia hali ya barabara kwa wenye magari na kwa chifu.

Kisiwa cha Pate ni hadithi nyingine. Kufika Faza, Siyu au Kizingitini, boti hupitia Mkanda, kati ya Manda na bara, na Mkanda hauna simile: maji yakitoka unakaa kwenye tope na mikoko mpaka yarudi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, katikati ya asubuhi ndipo maji yanapokuwa yametoka kabisa, na hiyo ndiyo saa ambayo mwalimu anakutaka darasani. Niliwahi kumwahidi mwalimu kuwa nitafika saa tatu. Nilifika saa nane, nimevimba kwa mbu, watoto wamekwisha kwenda nyumbani. Tangu siku hiyo sitaji tarehe kabla ya kuzungumza na nahodha, naye haangalii saa yangu, anaangalia mwezi.

Wakati wa kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, bahari ya nje si ya watoto. Safari za visiwani zipange kaskazi ikilegea, au mwisho wa mwaka upepo unapogeuka. Majaketi ya kuokolea yahesabiwe pwani kabla mtu hajapanda, na yawepo ya saizi ya watoto, maana jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kichwani akitumbukia. Boti ikiwa na watu zaidi ya majaketi, wengine wangoje safari ya pili.

Na ukifika Siyu, kumbuka kuwa wana ngome yao, wana mafundi wao na historia yao ndefu. Usiende kama mtu wa Amu anayewaletea wenzake ustaarabu. Sanduku lifungue, kisha waombe wakuoneshe vyao. Mara mbili hivi sanduku letu limerudi na vitu zaidi ya lilivyoondoka navyo.

Hatua ya tano: Siku ya watoto kuja

Watoto arobaini ndio mwisho, na wagawe makundi matatu. Vyumba vyenyewe vitakulazimisha. Uwe na mtu mmoja kila kituo, na dakika ishirini kila kituo, si zaidi.

Anzia nje. Watoto wakae kwenye daka, na mmoja apige hodi. Mtu aliye ndani asijibu haraka. Wangoje kidogo, waone ilivyo kungoja barazani, ndipo sauti itoke: "Karibu!" Kisha waulize: nani angeishia hapa hapa barazani, nani angefikishwa sabule, chumba cha wageni, nani angeingia mpaka ndani? Mtoto wa Amu atajibu kwa desturi ya kwao. Mtoto wa Mpeketoni muulize mgeni kwao hukaribishwa wapi, sebuleni, chini ya mti, jikoni. Usimfanye akajiona yeye ndiye asiyejua. Kila nyumba ina mpaka wa mgeni, ya mawe na ya mabati.

Kituo cha boriti ndicho cha hisabati. Watoto wapime upana wa chumba kwa hatua, kisha kwa futikamba. Watapata chini ya mita 3. Wapime chumba cha pili, cha tatu: ni yale yale. Waache wahangaike na fumbo hilo, usiwaokoe. Kuna atakayetazama juu. Urefu wa boriti ya mkoko ndio unaoamua upana wa chumba, basi nyumba inakua kwa urefu na kwa kwenda nyuma, haiwezi kutanuka. Halafu wahesabu boriti za dari na wazigeuze korija, maana wauza miti hapa huhesabu kwa korija, ishirini ishirini: boriti 47 ni korija mbili na saba. Waambie pia kuwa mti wa mkoko una majina kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kila mmoja una kazi yake. Mtoto ambaye babake ni mkata mikoko atakusahihisha. Mwache asahihishe, na wewe kubali kusahihishwa.

Kituo cha maji kiwe birikani. Mabirika ya nyumba zetu yalikuwa na samaki wadogo ndani, na watoto hudhani ni pambo. Waulize samaki wanakula nini. Jibu ni viluwiluwi vya mbu. Somo la malaria limekwisha hapo, na mwalimu wa sayansi anatabasamu. Kisha swali la pili, ambalo ndilo zito: ndoo ngapi zinajaza birika, kisima kiko wapi, na nani alibeba? Swali hilo liache wazi, utalihitaji hatua ijayo.

Kituo cha tatu ni zidaka. Karatasi nyembamba na mkaa, watoto wanakili nakshi kwa kusugua juu ya kipande cha mfano, kamwe si juu ya ukuta wenyewe. Chokaa ya miaka mia mbili haipendi mikono. Hapa wanatulia, na wewe unapata nafasi ya kunywa maji.

Hatua ya sita: Sema habari ya waliobeba maji

Hapa ndipo programu nyingi hukwepa, na yetu ilikwepa miaka miwili. Tulikuwa tukiwasimulia watoto nakshi, marashi, masahani, harusi za siku saba, kana kwamba nyumba kubwa ya mawe ilijiendesha. Haikujiendesha. Matumbawe yalivunjwa na watu, birika lilijazwa na watu, nafaka ya mashamba ya bara ililimwa na watu, na wengi wao walikuwa watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907. Bibi wa bibi wa mtoto aliyesimama mbele yako huenda aliyaona, ama kutoka juu, ama kutoka chini.

Ndiyo sababu ni vigumu. Mji ni mdogo, koo zinajuana, na neno "mtumwa" likitamkwa barazani kwa hasira mpaka leo linachoma. Mimi nilikosea vibaya mara ya kwanza. Nilitaka watoto waigize: mmoja awe bibi wa nyumba, mmoja mjakazi. Nikamchagua msichana mpole achukue mtungi. Wenzake wakacheka, na mwalimu akaniambia baadaye kwamba jina lile la mjakazi lilimfuata shuleni karibu muhula mzima. Nilikwenda kwao kuomba radhi. Mama yake alinipokea, akanipa chai, akasema, "Mwanangu, mambo haya yana mlango wake. Wewe ulipitia dirishani." Maigizo ya bwana na mtumwa sijayafanya tena, na nakusihi usiyafanye.

Mlango wenyewe, kwa kadiri nilivyoupata, ni kazi. Rudi kwenye lile swali la ndoo. Watoto wabebe ndoo moja, nusu tu, kutoka kisimani hadi birikani, kila mtu kwa zamu, nawe mwenyewe ubebe. Wahesabu. Kisha waulize nani alifanya hivi kila siku, alilala wapi, alikula nini, alilipwa nini. Jibu lisemwe waziwazi, kwa sentensi fupi, bila kulipamba na bila kumtaja mtu wa ukoo wowote. Usiwaulize watoto kabila wala asili. Mwambie mwalimu wiki moja kabla kwamba jambo hili litazungumzwa, naye awepo. Na onesha kazi za mikono yao zilizobaki: ukuta huu, lipu hii, ngazi hii. Watoto hugusa ukuta tofauti baada ya hapo.

Kuna wazee watakaokuambia uache. Wasikilize, ongea nao faragha, usibishane nao mbele za watu. Lakini usiache.

Hatua ya saba: Vikundi vya mtaa

Watu wazima usiwafundishe nyumba, wanaijua. Kazi yako ni kuwapa sababu ya kukaa ndani yake na kusema wanachokijua.

Akina mama waje alasiri, baada ya sala na kabla ya magharibi, na siku hiyo nyumba iwe yao. Mtembezaji awe mwanamke, mlango ufungwe, wanaume wa ofisini watafute kazi nyingine, na simu za picha ziwekwe mbali. Tulipoanza tuliwaita kwa "warsha" wakaja watatu. Tulipowaita kusuka ukili na kunywa kahawa kwa halua, walijaa mpaka kiwandani. Mikono ikishughulika, ulimi hufunguka. Bibi mmoja alitazama chumba cha ndani kabisa akasema ndimo walimokuwa wakizalia, na mwingine akasema ndimo walimokuwa wakioshea maiti, na mazungumzo ya saa moja yakatoka hapo. Kibao chetu kilikuwa kimeandikwa "chumba cha kulala" tu.

Wazee wa kiume ni rahisi zaidi: usiwatoe barazani kwao. Peleka kandili, picha ya zamani ya pwani ya mji, au kipande cha mfano cha mtepe, jahazi la kale la mbao zilizoshonwa kwa kamba, kama fundi wa Matondoni amekubali kukutengenezea, keti chini, na ungoje. Watakusahihisha lugha kwanza. "Si juu, ni yuu." "Si mji, ni muyi." "Si njia, ni ndia." Yaandike yote. Watoto wa siku hizi wanasoma Kiswahili sanifu shuleni, na Kiamu, lahaja ya hapa, wanakisikia kwa bibi tu. Orodha ya maneno ya nyumba kwa Kiamu, iliyotoka kwa wazee hawa, ndiyo karatasi inayoombwa na walimu kuliko nyingine zote tulizochapisha.

Wajenzi, wachongaji wa milango na wenye punda walipwe. Fundi akiacha kazi yake kuja kuwaonesha watoto namna ya kuchanganya chokaa, amepoteza siku. Asante na soda havinunui unga. Kubalianeni kabla, na umlipe siku ile ile.

Wasioweza kupanda ngazi zetu, nao ni wengi kuliko unavyofikiri kwa kuwa ngazi ni za mawe, nyembamba na za kusimama, wapelekee sanduku. Kwa asiyeona, sanduku ni bora kuliko nyumba yenyewe: tumbawe, ukili na chetezo ni vitu vya mkono na pua.

Hatua ya nane: Picha, rekodi na pesa

Kwa ufupi. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na picha ya mtoto inahitaji ridhaa ya mzazi. Weka mstari wake kwenye ile fomu ya ruhusa, na ambaye mzazi hakutia sahihi, asipigwe. Mzee akirekodiwa, aambiwe kabla sauti yake itawekwa wapi na nani ataisikia, na nakala apewe, hata kama ni kwenye simu ya mjukuu wake.

Pesa huenda kwenye mafuta ya boti kwanza, kisha kwa mafundi, kisha mahamri na chai, na mwisho uchapishaji. Ombi lolote la fedha liandike kwa mpangilio huo huo, kwa sababu wafadhili hupenda kulipia mabango na hawapendi kulipia petroli. Kiingilio cha wanafunzi kizungumze mapema na wenye mamlaka ya nyumba, kisije kikajitokeza mlangoni siku ya ziara, watoto wamesimama juani.

Hatua ya tisa: Baada ya wao kuondoka

Usiwaulize watoto kama wamefurahi. Watasema ndiyo, ndiyo heshima waliyofunzwa. Badala yake, siku moja kabla ya ziara mwalimu awaambie wachore nyumba ya kale, na wiki mbili baadaye wachore tena. Ziweke karatasi mbili pamoja. Ukiona mchoro wa kwanza una mlango tu, na wa pili una mtu anayebeba maji, au vidato vinavyopanda, au samaki birikani, umejua kilichoshika. Ukiona punda kumi na wanne, rudi hatua ya kwanza.

Daftari la kila ziara liwe na mambo matatu: swali ambalo hukuweza kulijibu, kitu ambacho mtoto au mzee alikufundisha, na kilichovunjika. Maswali yasiyojibiwa yapeleke kwa wazee wa barazani wiki ile ile, kisha jibu limfikie mwalimu. Mtoto aliyeuliza hukumbuka kama alijibiwa.

Na sanduku lenyewe lisiwekwe stoo bila kukaguliwa. Ukindu uanikwe juani, kandili ifutwe chumvi, chetezo kimwagwe majivu. Orodha ya vitu ibandikwe ndani ya kifuniko, na mwalimu na wewe muihesabu pamoja kabla ya kufunga. Kifumbu ndicho kinachopotea kuliko vyote. Nunua viwili.